Goma Inalia kwa Kiswahili

Kila tarehe 7 Julai tunajisifu. Tunavaa vitenge, tunaandaa makongamano, viongozi wanapanda jukwaani kutukumbusha kwamba Kiswahili kina wasemaji zaidi ya milioni 200, kwamba UNESCO imekitengea siku yake, kwamba Umoja wa Afrika umekipokea. Ukumbi mzima unapiga makofi.

Sasa nikuulize, ndugu yangu. Hao milioni 200 tunawatoa wapi?

Hawatoki Tanzania peke yake. Hawatoki Tanzania na Kenya tu. Waondoe watu wa Goma, Bukavu, Uvira, Bunia, Kolwezi na Lubumbashi, uone hesabu yako inavyoporomoka. Tunawahitaji Wakongo ili idadi ipendeze. Wakati wa kujisifu tunawahesabu. Wakati wa kuwazika hatuwahesabu.

Nimechoka na hilo. Nimechoka kabisa.

Siku hizi kila mtu ni raia wa dunia. Kijana anaandika maneno hayo chini ya picha yake mtandaoni. Waziri anayatamka kwenye hotuba. Mwalimu anawafundisha watoto darasani. Na raia huyo wa dunia anaijua bendera ya Ukraine, na analia na watoto wa Gaza. Alie! Sitamwambia mtu asilie na Gaza. Anayewaonea uchungu watoto wale ana moyo, na moyo huo nauheshimu. Ninachouliza ni kwa nini moyo huohuo unaovuka bahari unashindwa kuvuka Ziwa Tanganyika.

Simama Kigoma siku ambayo anga ni safi. Milima ya Kongo utaiona kwa macho yako, huhitaji ramani wala runinga. Asiyemjua jirani wa ng'ambo ya ziwa, dunia ataijulia wapi?

Mwishoni mwa Januari 2025 Goma iliangukia mikononi mwa waasi wa M23. Katikati ya Februari ikafuata Bukavu. Kabla ya hapo, Wakongo zaidi ya milioni 7 walikuwa tayari wameyakimbia makazi yao ndani ya nchi yao wenyewe. Waliokuwa kambini kuizunguka Goma wakakimbia tena, kambi zikavunjwa, na makumi ya maelfu wakavuka Mto Ruzizi kuingia Burundi. Katika gereza la Munzenze, Umoja wa Mataifa uliripoti kwamba wanawake zaidi ya mia moja walibakwa wakati wafungwa wakitoroka, kisha wengi wao wakateketea kwa moto.

Soma tena sentensi hiyo. Usiipite haraka.

Wanawake wale walipiga yowe. Wengi wao wangepiga yowe kwa lugha gani kama si hii unayoisoma sasa? Kiswahili ndicho kinachounganisha watu wa Kivu, sokoni, kanisani na hospitalini. Ungekuwa nje ya ukuta wa gereza lile, usingehitaji mkalimani.

Na sisi tulifanya nini? Tulisikia habari fupi redioni, zikafuata za michezo.

Nikwambie kuhusu michezo. Mwanzoni mwa Februari 2024 nilikaa kwenye kibanda umiza mtaani kwetu kutazama nusu fainali ya AFCON, Kongo na Kodivaa. Mabenchi yamejaa, joto halisemeki, feni moja inahangaika juu darini. Wimbo wa taifa wa Kongo ukapigwa. Wachezaji wakaziba midomo kwa kiganja cha mkono mmoja, na wa pili wakaelekeza vidole viwili kwenye panja, mfano wa bastola. Kijana mmoja nyuma yangu akauliza, "Sasa hao wanafanya nini?" Mwenzake akamjibu, "Mambo ya frimasoni hayo." Watu wakacheka. Mpira ukaanza.

Watu wale walisimama mbele ya Afrika nzima kusema: tunauawa, nanyi mmenyamaza. Nasi tukasema frimasoni.

Ndani ya kibanda kilekile watu walikuwa wametetema na Fiston Mayele misimu miwili, kila alipofunga goli akiwa Yanga. Wazee kwa watoto, mabega yanatikisika. Muziki wa Kongo tunaoa nao na kuzikana nao. Wafanyabiashara wa Kongo tunawangoja Kariakoo kwa hamu, maana wananunua kwa bunda. Miguu yao tunaipenda, sauti zao tunazipenda, dola zao tunazipenda. Kilio chao tu ndicho kinachotuchosha.

Aibu hii ni yetu sote.

Utaniambia vita vya Kongo vimekaa muda mrefu mno, havieleweki, waasi ni wengi, majina ni mengi. Sawa, ni vigumu. Lakini mtu anayejua msimamo wa ligi ya Uingereza mpaka timu ya ishirini anashindwaje kujua nani anamuua jirani yake? Tunaelewa tunachotaka kuelewa.

Basi tuanze na kitu kilichomo mkononi mwako sasa hivi. Simu yako ina betri, na betri za simu nyingi zina kobalti. Kobalti ya dunia, takriban asilimia 70 inachimbwa Kongo, upande wa Kolwezi na Likasi. Ndani ya simu hiyohiyo kuna vipande vya kuhifadhi umeme, vidogo kuliko punje ya mchele, na baadhi yake hutengenezwa kwa tantali inayotokana na koltani. Koltani inatoka wapi? Sehemu kubwa ya ile ya Kongo inatoka Rubaya, wilaya ya Masisi, Kivu Kaskazini. M23 waliiteka Rubaya Aprili 2024. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakaandika kwamba waasi hao wanajipatia huko dola zisizopungua 800,000 kila mwezi kwa kutoza ushuru.

Kila mwezi! Kila mwezi kuna mtu anayenunua, mtu anayesafirisha, mtu anayegonga mhuri.

Wataalamu haohao wanasema madini hayo yanavushwa kuingia Rwanda, na kwamba maelfu ya askari wa Rwanda wamekuwa wakipigana bega kwa bega na M23. Rwanda inakana. Sisemi kwamba Kinshasa ni ya malaika. Viongozi wa Kongo wameiuza nchi yao kipande kwa kipande, na wanajeshi wa serikali nao wameandikwa kwenye ripoti zilezile kwa kubaka na kupora. Lakini jambo moja haliwezi kufichwa: Kongo na Rwanda zote ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya yetu, yenye makao makuu Arusha. Kongo tuliipokea mwaka 2022 kwa shangwe, tukahesabu soko jipya la mamilioni ya watu. Tulipeleka kikosi Novemba 2022, kikaondoka Desemba 2023. Mwezi huohuo kinaondoka, muungano wa kisiasa ulioshikamana na waasi ukatangazwa hotelini Nairobi, mchana kweupe, mbele ya kamera.

Nani kati yetu aliandamana? Nani aliandika hata barua moja? Tulilala. Ndugu yangu, tulilala fofofo.

Kuna karani mmoja ninayemkumbuka kila nikifikiria habari hii. Aliitwa Edmund Morel, mfanyakazi wa kampuni ya meli ya Liverpool, mwishoni mwa miaka ya 1890. Kazi yake ilimpeleka mara kwa mara bandari ya Antwerp, Ubelgiji, kuangalia shehena za meli za Kongo. Enzi hizo Kongo ilikuwa mali binafsi ya Mfalme Leopold II, naye alikuwa akiwaambia Wazungu wenzake kwamba anafanya biashara na kuwastaarabisha watu.

Morel akasimama gatini na daftari zake. Akaona meli zinakuja zimejaa mpira na pembe za ndovu. Akaona zinarudi Kongo zimebeba bunduki, risasi na askari, bila bidhaa za maana za kulipia shehena ile. Akajiuliza swali ambalo wenzake wote pale bandarini wangeweza kujiuliza: kama hakuna kinachopelekwa kulipia mpira huu, unachumwa na nani, na kwa malipo gani? Jibu lilikuwa moja tu. Kwa mjeledi.

Hakuhitaji kukanyaga Kongo ili aujue ukweli. Ulikuwa umeandikwa kwenye karatasi alizokuwa akizipanga kila siku. Wakubwa wake hawakutaka kusikia. Mwaka 1901 akaacha kazi. Mwaka 1904 akaanzisha na wenzake chama cha kupigania mageuzi ya Kongo, zikatembezwa picha za watu waliokatwa mikono, dunia ikaamka, na mwaka 1908 Leopold akanyang'anywa Kongo. Ikaingia mikononi mwa serikali ya Ubelgiji, ambayo nayo haikuwa na huruma ya kusifiwa. Wala simtukuzi Morel, maana baadaye aliandika maneno ya ubaguzi ya kutia kinyaa dhidi ya askari weusi huko Ulaya. Lakini siku ile gatini alifanya kitu ambacho sisi hatukifanyi. Alitazama shehena, akauliza.

Na sisi tunayo bandari. Tunayo Dar es Salaam.

Nenda Tunduma. Utayakuta malori yamepanga foleni, moja nyuma ya lingine, matela yamesheheni sahani za shaba zilizofungwa kwa mikanda ya chuma, mengine yamefunikwa maturubai. Utingo wamelala chini ya matela wakingoja karatasi. Shaba na kobalti ya Kongo inapita Mbeya, inapita Morogoro, inapita mbele ya nyumba zetu mpaka baharini. Tunatoza ushuru wa barabara, tunauza mafuta, tunauza chipsi mayai. Mawakala wa forodha, madereva, makarani wa bandari, maofisa wa mizani: maelfu ya Watanzania wanaigusa shehena hiyo kila wiki.

Ni wangapi wamewahi kuuliza imechimbwaje?

Kolwezi kuna mtaa unaitwa Kasulo. Mwaka 2014 ilipojulikana kwamba chini ya nyumba za watu kuna kobalti, wakazi walitoboa sakafu zao wenyewe, wakashuka na tochi kichwani. Mashimo bila nguzo. Yakiporomoka, yanazika. Mwaka 2016 Amnesty International ilieleza habari za watoto wanaookota na kuosha madini katika migodi ya kusini mwa Kongo. Mtoto wa umri wa mwanao, anayesema Kiswahili kama mwanao, anavuta vumbi la kobalti.

Hapa nataka uwe makini, maana wapo watakaokurupuka kusema tususie madini ya Kongo. Usikimbilie huko. Mwaka 2010 Marekani ilitunga sheria ya kuyabana makampuni yanayonunua madini ya vita, na mwaka huohuo Rais Kabila akasimamisha uchimbaji mdogo katika majimbo ya mashariki. Nia ilisemwa kuwa njema. Lakini wanunuzi waliogopa, wakaondoka, na wachimbaji waliokuwa wakisomesha watoto kwa chepeo wakabaki bila shilingi, huku wenye bunduki wakihamia kwenye dhahabu. Mchimbaji hakuomba uache kununua. Anataka bei ya haki, shimo lenye nguzo, na asitozwe na mwenye bunduki mlangoni.

Na hiyo dhahabu, je? Uganda inauza nje dhahabu ya mabilioni ya dola, ilhali migodi yake haitoi kiasi hicho. Ripoti za Umoja wa Mataifa zimesema miaka nenda rudi kwamba dhahabu ya mashariki ya Kongo inavushwa kwa magendo kupitia nchi jirani na kuishia Dubai. Nchi jirani ndiyo sisi. Nchi jirani ni Kampala, Kigali, Bujumbura. Tunapenda kumnyooshea kidole Mzungu, na anastahili, maana sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima ilichimbwa Shinkolobwe, Kongo, na damu ya Lumumba ya mwaka 1961 iko mikononi mwa Wabelgiji na Wamarekani. Lakini kikulacho ki nguoni mwako. Dhahabu haioti mabawa. Inavuka mipaka yetu mbele ya watu wetu wenye sare zetu.

Utaniambia sisi ni maskini, tutafanya nini? Jibu hili silikubali tena.

Desemba 1965 nchi hii ilikuwa na miaka minne tu ya uhuru. Ian Smith alikuwa amejitangazia utawala wa walowezi Rhodesia, na Uingereza ikasitasita. Tanzania ikavunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza, ikakosa mkopo wa pauni milioni 7.5. Wakati ule pesa hizo zilikuwa nyingi sana. Tuliukosa mkopo kwa ajili ya watu wa nchi nyingine. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) ilikaa Dar es Salaam tangu 1963. Wapigania uhuru walifunzwa Kongwa na Nachingwea, na wanakijiji wa Mtwara na Ruvuma waliwapokea wakimbizi wa Msumbiji wakaishi jirani na vita kwa miaka kumi. Walikuwa maskini kuliko wewe. Hawakuwa na simu wala lami. Walikuwa na msimamo.

Wamekwenda wapi watoto wa watu wale? Ni sisi. Tumekuwa watu wa kuuliza posho kabla ya kuuliza haki.

Tena sisi wenyewe tumezika watu kwa ajili ya Kongo. Desemba 2017 huko Semuliki, Kivu Kaskazini, wanajeshi wa Tanzania wasiopungua 14 waliuawa katika shambulio moja, wakilinda amani chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa. Majeneza yalirudi, tukasimama kimya dakika moja, kisha kimya chenyewe kikaendelea mpaka leo. Je, mama za vijana wale wamewahi kuelezwa watoto wao walifia nini?

Na usidhani moto huu utaishia kwa jirani. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Juni 2023 waasi wa ADF, wenye maficho yao Kongo, waliingia shule ya sekondari huko Mpondwe, wilaya ya Kasese nchini Uganda, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi waliokuwa bwenini. Watoto wa Uganda. Kesho watakuwa watoto wa nani? Mkataba wa amani wa Kongo na Rwanda ulitiwa saini Washington, tarehe 27 Juni 2025, madini yakiwa sehemu ya mazungumzo. Washington! Bara jingine, ng'ambo ya bahari, na Wamarekani ndio walioitwa kusuluhisha ugomvi wa nyumba yetu, maana wenye nyumba tulikuwa usingizini. Aliyesuluhisha atadai chake. Atalipwa kwa nini, kama si kwa kilichomo ardhini?

Tuje hapa nyumbani. Kasulu, mkoani Kigoma, ipo kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Mtoto aliyezaliwa humo mwaka ule leo ni mzazi, na mwanawe naye kazaliwa humohumo. Hawezi kutoka bila kibali. Hawezi kuajiriwa kama watu wengine. Anasema Kiswahili, anashangilia Simba au Yanga, na karibu miaka thelathini baadaye bado tunamwita mkimbizi kwa sauti ya kumfukuza. Nimewasikia watu wazima wenye elimu wakisema hawa wametuzidi. Wametuzidi nini? Mateso?

Kama unataka kuwa raia wa dunia, mlango uko hapo Kasulu. Huhitaji pasipoti.

Wewe mwandishi mwenzangu, acha kuipa Goma sekunde ishirini. Kuna Wakongo Dar es Salaam, Kigoma na Nairobi wanaoweza kukueleza kila kitu kwa Kiswahili fasaha. Weka maikrofoni mbele yao. Wewe karani wa forodha, jua unachokigongea mhuri. Wewe sonara wa mjini, dai karatasi ya dhahabu unayoletewa, na asiye nayo mrudishe alikotoka. Wewe mwenye simu inayofanya kazi vizuri, unaibadilisha ya nini kila toleo jipya likitoka?

Na sote tuna watu wa kuwabana. Kila nchi mwanachama inachagua wabunge tisa kwenda Bunge la Afrika Mashariki, Arusha. Tisa wa Tanzania, tisa wa Kenya, tisa wa Uganda, tisa wa Rwanda, tisa wa Kongo yenyewe, wanakaa ukumbi mmoja. Nitajie majina ya watatu tu wa nchi yako. Huwezi? Basi leo yatafute. Waandikie kwa majina yao. Waulize kikosi chetu kilichotoka Kongo Desemba 2023 kiliacha ripoti gani, na iko wapi. Waulize ni lini mwanachama anayetuhumiwa na Umoja wa Mataifa kumshambulia mwanachama mwenzake atasimamishwa mbele ya Bunge hilo ajibu. Waulize dhahabu na koltani inayovuka mipaka ya Jumuiya inakaguliwa na nani, wapi, kwa cheti gani. Wakikujibu kwamba suala hilo linashughulikiwa katika ngazi za juu, waandikie tena kesho yake.